Nadharia Tete Uliyoniachia, Somoe

Somoe,

Leo msimamizi wa utafiti wetu ameipitisha nadharia tete, na badala ya kufurahi nimekasirika. Nakuandikia nikiwa na hasira hizo hizo, maana zikipoa nitaanza kulia na kazi haitakwenda.

Nikisema nadharia tete yetu, nasema kwa heshima tu. Ni yako. Mimi nilikuwa nakaanga mihogo chumbani kwangu hapa Masoko, wewe umejilaza kitandani na viatu vyako, ukaandika mstari mmoja na kusema, "Tayari hiyo." Matanga yenye watu wengi humpunguzia mfiwa huzuni.

Nikakuuliza wengi ni wangapi. Ukasema kila mtu anajua wengi ni wangapi. Nikakuuliza huzuni tutaipimaje, ukaniambia nigeuze mihogo inaungua. Na ilikuwa inaungua kweli, nikaigeuza. Msimamizi alipoisoma aliandika pembeni: "Hii ni dua. Nadharia tete ni kisio ambalo mkienda kuuliza watu linaweza kuonekana si kweli. Hili lenu halina njia ya kushindwa." Ukasema mama huyo mkali bure, tutairekebisha ukirudi kutoka Mitole, ulikokuwa unakwenda kumsalimia mama yako.

Hukurudi. Homa ikakumaliza huko huko, na mimi nikaja kulala matanga yako.

Watu walijaa, Somoe, ungefurahi. Mikeka ilifika mpaka uani. Na kila mama yako alipotaka kulia, mkono ulimfika begani: "Subira, mwenzangu, unamtesa mtoto huko aliko." Anameza. Kisha anauliza kama wageni wa Kilangala wamekula. Tulipoanua matanga watu wakaenda zao, mimi nikabaki. Nikamuuliza anajisikiaje, kama tulivyoandika kwenye dodoso letu. "Alhamdulillahi, mwanangu." Na chakula nilichompakulia asubuhi bado kimefunikwa pale pale. Swali gani lile tuliloandika? Mtu wa huku ukimuuliza hali atakujibu nini kingine? Tumezaliwa hapa, tumekulia hapa, na hakuna kati yetu aliyeliwaza hilo.

Nikampigia simu msimamizi. Nikamwambia tuigeuze, tuseme watu wengi humzidishia mfiwa huzuni, nimeona kwa macho yangu. Akanipa pole, akaniacha nilie mpaka basi, halafu akakataa. "Zuhura, huwezi kuona jibu kwanza ndipo ukisie. Na huyo mama ni mmoja, tena unampenda." Nikakata simu bila kuaga. Kilichoniudhi ni kwamba hakuniachia pa kubishia.

Nikakaa na mstari wako ule, sijui niufanye nini. Sikutaka kuugusa, kwa sababu ndiyo maneno ya mwisho uliyoandika mbele yangu. Na sikutaka kuuamini, kwa sababu nilimwona mama yako. Wewe ungekuwepo tungegombana, ukanuna, ukala mihogo yangu yote, mambo yakaisha. Sasa nagombana na nani?

Basi nikaugusa, na huo ndio uliopitishwa leo. Unasomeka hivi: Wanawake waliofiwa ambao matanga yao yalilaliwa na jamaa wengi hurudi kupika na kwenda shamba mapema kuliko wale ambao yao yalilaliwa na jamaa wachache. Wengi ni wangapi mimi na msimamizi tumeshaweka, usianze. Chini yake nimeandika kisio la kuupinga, kwamba wingi wa watu hauleti tofauti yoyote. Wazo lako liko pale pale, ila sasa linaweza kuanguka. Inaniuma kuliko nilivyotarajia.

Mama yako hayumo kati ya watakaoulizwa. Kwake nakwenda kama mtoto wake. Napika, yeye analia, na sithubutu kumwambia subira. Juzi alikula.

Kesho naanza kuuliza watu Kilangala. Mola akupanulie kaburi, Somoe, akupe raha ambayo hukutupa sisi tuliofanya kazi na wewe. Nakuahidi sitawaelekeza watu majibu wala sitachagua ninayoyapenda. Ukiwa umepatia, nitaandika umepatia, na jina lako litatangulia langu. Ukiwa umekosea, nitaandika umekosea, na jina lako litatangulia vile vile. Halafu nitakaa nikusubiri ubishe, na hutabisha.

Mwenzako,
Zuhura