Majina Saba Niliyokuazima

Mpendwa mwanangu Sahra,

Ujumbe wako wa sauti umenifika. Nimeusikiliza mara nyingi mpaka mama yako akaninyang'anya simu. "Aabo, barabara ya Banissa ni kavu na basi linafika, kwa hiyo usinipe visingizio. Nikaha ni Ijumaa ya mwisho ya Agosti. Njoo unioze." Kisha ukacheka kile kicheko chako cha kumalizia maneno, kana kwamba jibu umeshalipata. Mwanangu, jibu hujalipata. Ninaliandika hapa, na litanichukua muda kulifikia. Mimi niliyesahihisha insha za watoto wa watu miaka ishirini na ushei, leo sijui pa kuanzia yangu.

Ninakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndivyo tulivyozoea. Kisomali kilikuwa chetu cha jikoni na cha kugombana. Lakini jambo zito ulikuwa unaniandikia kwa Kiswahili, kwenye kikaratasi, na kukiacha chini ya kikombe changu cha chai. Barua hii anakuletea mtu kwa mkono. Nakala yake ninayo, na ukiniruhusu nitaisoma uwanjani siku ya kwanza ya mchezo. Ukikataa, itabaki yetu. Ila nakusihi uniruhusu. Kosa langu nililifanya mbele ya umati, na sioni haki kulitubu chumbani.

Unaukumbuka ule uwanja karibu na mto, upepo wa Agosti unavyotupiga vumbi la macho, watu wakitandika mikeka baada ya swala ya alasiri. Kila likizo tunaigiza kisa kimoja: jinsi babu zetu walivyofukuzwa kwenye visima vyao na Mzungu mkuu wa wilaya. Wazee walikataa, lakini mkalimani akamgeuzia Mzungu maneno, akamwambia wamekubali. Mkalimani huyo huwa ni mimi. Mwaka wa kwanza bibi mmoja aliinuka na fimbo yake, akanichapa mbili za bega huku akilia, "Uliwauza! Uliwauza!" Watu wakapiga makofi wakidhani ni sehemu ya mchezo. Nililala ubavu mmoja wiki nzima.

Ndipo nilipoweka ile sheria. Kabla ya mchezo, kila mwigizaji atoke mbele akiwa na nguo zake za kila siku, ataje jina lake, la baba, la babu, mpaka la saba, ataje na kazi yake, kisha aseme: "Nitakayemwigiza si mimi." Kwetu mtu akikutajia baba zake huna tena sababu ya kumwogopa, unajua pa kumshtaki. Na watu waliipenda sehemu hiyo kuliko mchezo wenyewe. Walipenda kusikia kwamba yule Mzungu katili ni Barre, muuza dawa za mifugo, aliyepakwa unga wa ngano usoni, na kwamba marehemu baba yake alikuwa mchimba visima. Walimpenda zaidi Mutua, fundi wa kuchomelea vyuma kutoka Kitui, aliyeigiza askari. Alisimama akasema, "Mimi ni Mutua wa Musyoka wa Kilonzo. Hapo nimeishiwa." Yule bibi wa fimbo, ambaye sasa hakosi mchezo, akamwambia kwa sauti, kwa Kiswahili chake cha kubahatisha, "Babu tatu tu? Ngoja, sisi tabatia wewe ingine nne ya kwetu!" Uwanja mzima ukaangua kicheko. Wewe ulicheka mpaka ukakaa chini.

Nami nilicheka, lakini kicheko kile ndicho kilichonipa wazo baya.

Ulikuwa na miaka kumi na sita, na nilikutaka uigize yule mwanamke anayesimama kisimani akakataa kuondoka. Hapakuwa na msichana mwingine mwenye sauti kama yako. Tatizo lilikuwa majina. Wewe na mimi na mama yako tulijua. Wengine hawakujua. Mama yako Fadumo alikuwa muuguzi katika kambi ya wakimbizi ya Ifo mwaka ule wa ukame, wakati mwanamke mmoja mpita njia alipomletea mtoto wa kama miaka mitatu. Alikuwa amemwokota kando ya lori lililoharibika karibu na Diff, kule mpakani, amefungwa kitambaa cha manjano, midomo imekauka. Fadumo alitangaza kambini miezi na miezi, hakujitokeza mtu. Sisi hatukuwa tumejaaliwa. Tulipohamia Garissa tulishuka garini watu watatu, na hakuna aliyetuuliza hesabu. Ulipotimiza miaka kumi tulikueleza yote. Ulisikiliza, ukafuta kamasi kwa mtandio, ukauliza kama bado utapata kile kitanda cha dirishani.

Kwa hiyo siku ile ya mazoezi uliniuliza, "Aabo, mimi nitataja nani?"

Nikasema, "Chukua wangu."

Mama yako alikuwa anapepeta mchele. Hakuinua uso. "Mwalimu, si wewe unayewafundisha wanafunzi kwamba nguo ya kuazima haisitiri? Mwache ataje jina lake na kazi yake, atosheke." Nikamjibu kwamba Mutua kusimama na majina matatu ni kichekesho, lakini msichana wa Kisomali kusimama na moja ni msiba. Ningeweza kuifuta sheria. Niliiweka mimi mwenyewe, na kuifuta kungenichukua nusu dakika. Sikuifuta, na sababu yake naisema leo: nilitamani kukusikia ukiyataja. Dini yetu iko wazi, mtoto huitwa kwa baba yake, na mimi nalijua hilo tangu chuoni. Bado nilitamani.

Ukatoka mbele ukasimama. "Mimi ni Sahra Dahir Warsame Abdi Guled Samatar Elmi. Ni mwanafunzi. Nitakayemwigiza si mimi." Hukukwama hata mahali pamoja. Nilikuwa nyuma ya turubai na kofia ya mkalimani mkononi, nikalia kwa furaha. Sijawahi kuwa na furaha kama ile, na sitaificha, ingawa najua sasa ilimgharimu nani.

Kilichofuata hukijui.

Mchezo ulipokwisha na watu wanakunja mikeka, mzee mmoja alinijia. Mwembamba, ndevu zimepakwa hina, fimbo ameilaza mabegani na mikono ameitundika juu yake. Alikuwa ametoka Diff kuleta mbuzi sokoni. Hakunisifu mchezo. Aliniuliza, "Yule binti aliyesimama kisimani, ni wako?"

"Ni wangu."

"Wa kumzaa?"

Sahra, ningeweza kumuuliza anamtafuta nani. Mtu mzima hamuulizi mwenzake swali kama lile bila sababu. Nikamtazama machoni, nikasema, "Si umemsikia mwenyewe akitaja baba zake?"

Akatikisa kichwa polepole, kwa heshima, kama mtu aliyekosea nyumba. "Kweli, nimemsikia. Mungu akuwekee. Anatembea kama marehemu mke wangu." Siku ya pili alirudi, akakaa mstari wa mbele. Siku ya tatu pia. Uliponyanyua lile bakuli la maji na kumwaga miguuni pa Barre, yeye alifunika uso kwa shuka lake. Siku ya nne hakuwepo, nami nikashukuru. Mama yako aliniuliza yule mzee alitaka nini. Nikamwambia alipenda mchezo.

Miaka imepita. Ukamaliza chuo cha ualimu, ukapangiwa Banissa, ukampata mtu wako huko. Nilikuwa karibu kusahau. Hapana, si kweli. Nilikuwa nimezoea.

Mwezi uliopita, tukiwa kwenye mazoezi, alikuja kijana anayeendesha lori la mifugo. Anaitwa Yusuf. Alitusalimia vizuri, akauliza kama mchezo umeanza. Tukamwambia bado. Akasikitika, kwa sababu alikuwa anaondoka kesho yake. "Baba yangu aliuona mchezo huu," akasema. "Kabla hajafa aliniambia, ukipita Garissa, katazame."

Nikamwuliza baba yake alipenda nini. Nakuapia niliuliza nikijua.

Akakaa juu ya tairi kuukuu, akatusimulia. Mwaka ule wa ukame walikuwa wanasafiri kwa lori, mama yao ameshafariki njiani. Lori likaharibika, watu wakatawanyika kutafuta maji. Yusuf alikuwa na miaka saba, na mkono wa dada yake mdogo aliushika yeye. Aliuachia mara moja tu, kunywa. Waliporudi mtoto hakuwepo, na baba akaamini amechukuliwa na waliorudi upande wa pili wa mpaka. Akamtafuta huko miaka yote. "Alikuwa na alama za moto," Yusuf akasema. "Mbili mkono wa kushoto, moja nyuma ya sikio. Baba alimchoma mwenyewe kwa kijiti cha moto, kumtibu alipougua manjano. Huku Garissa alimwona msichana, akatuambia moyo wake ulisimama. Lakini msichana alikuwa na baba yake. Alisema alimuuliza huyo baba, uso kwa uso."

Alama zako nimezipaka mafuta kwa vidole vyangu, Sahra. Nazijua kuliko herufi za jina langu.

Yusuf hakuwa amekuja kunilaumu. Hilo ndilo linaloniua. Alikuwa amekuja kutazama mchezo. Mzee wake alikubali neno langu kwa sababu hakuna mtu wetu anayeweza kufikiri kwamba mwanamume atasimama hadharani adanganye kuhusu baba zake. Aliondoka Garissa na huzuni yake akaifikisha nyumbani, na mwaka uliofuata akafa. Ungeweza kumkuta hai. Ungeweza kumpikia chai. Uliishi na baba yako mji mmoja siku tatu, hatua thelathini kati yenu, na aliyesimama katikati ni mimi.

Nilimwambia Yusuf ukweli palepale, mbele ya Barre na Mutua. Nilidhani atanipiga, na ningemshukuru. Akauliza, "Yuko hai?" Nikasema yuko hai, ni mwalimu, anakaribia kuolewa. Akaweka kichwa kati ya magoti akalia kama mtoto wa miaka saba. Mutua ndiye aliyemletea maji. Mimi sikuthubutu.

Nyumbani, mama yako alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akainuka akaosha vyombo vilivyokuwa safi. Siku ya tatu akaniwekea karatasi mezani, akasema, "Mwandikie. Na usijisifu popote."

Nimejitahidi. Lakini niruhusu kidogo tu, kwa maana sijui kama utanisemesha tena. Nilikupenda. Nilikupenda nilipokubeba mgongoni wakati mto ulipofurika na ukawa unanipigia kelele nikimbie kama ngamia. Nilikupenda uliponisahihisha kiima mbele ya wanafunzi wangu, ukiwa na miaka kumi na miwili, na ukawa sahihi. Watu husema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mimi nimeujua bila kuzaa, na hilo halinipi haki ya kitu nilichomnyang'anya mzee wa watu. Nina wivu na marehemu. Nina wivu na kijana anayeshinda kwenye lori, eti kwa sababu ana masikio yako. Unaona jinsi nilivyo? Ukinikasirikia, kasirika mpaka hasira ziishe. Usimkasirikie mama yako, yeye alinionya.

Sasa sikiliza, haya ndiyo niliyokaa chini kukuandikia. Baba yako alikuita Deqa. Wewe ni Deqa Aden Shire Hirsi Olow Magan Roble. Baba yako alikuwa mfugaji wa Diff, mtu aliyeaminika kwa neno lake kiasi kwamba alidhani na wenzake wako hivyo. Mama yako mzazi alikuwa Habiba, na amezikwa kando ya njia, chini ya mgunga ambao Yusuf anaufahamu. Jina la Sahra si lazima uliache. Hayo mengine sita ya kwangu nirudishie, mwanangu, hayakuwa yako na sikustahili kukupa.

Na jibu la ujumbe wako ni hili: siji. Si kwa sababu ya barabara. Shekhe ameniambia, na nilikuwa nalijua kabla sijamuuliza, kwamba baba akifa, anayemwoza binti ni kaka yake. Aliyekukabidhi barua hii ndiye Yusuf. Pengine amesimama hapo mlangoni na hajui aweke wapi mikono. Mkaribishe. Ametembea na hatia isiyo yake tangu utotoni, na wewe tu ndiye unayeweza kumwambia aitue. Mama yako atapanda basi Jumatano, amekushonea dira la bluu. Mimi nitabaki kulinda nyumba na kuwaombea dua.

Ijumaa, shekhe atauliza walii wa binti, yaani wa kumwoza, ni nani. Utageuka kunitafuta, nakujua. Usigeuke. Kaa kimya, umwache Yusuf ajibu.

Mungu akulinde, akupe watoto wenye sauti kama yako.

Aliyekulea,
Dahir