Nusu Kilo ya Anti Phelister

Shakib, nimekwisha. Soma.

Ile hija ya Namugongo, kwa Mashahidi wa Uganda. Sisi Wakenya wa Nsambya, hapa Kampala, tunapanda basi hadi Busia mpakani, kisha tunarudi kwa miguu. Usiulize.

Mwenyekiti wa msafara, Cleopas, amekataza begi la zaidi ya kilo tatu. Ukizidisha, unabaki. Na Anti Phelister ameweka nadhiri, hawezi kubaki! Nikamfundisha mbinu yetu ya bwenini: wanapima begi, hawapimi mtu. Akavaa mizigo yote chini ya gomesi, lile gauni lake pana.

Leo kanisani begi lake likaning'inizwa kwenye mizani ya bucha. Nusu kilo! Cleopas karibu alie. "Phelister, wewe ni mfano. Njoo mbele, piga magoti ubarikiwe."

Apige magoti, Shakib. APIGE MAGOTI.

Sufuria ikaanguka, ikabingirika hadi kwenye viatu vya padri. Ikafuata chupa ya chai. Cleopas akafoka:

"Nani amekufundisha haya?"

Anti akaninyooshea kidole bila hata kusita. Kisha akanitwika kila kitu mgongoni.

"Begi langu bado ni nusu kilo, Mwenyekiti. Huyu si begi. Huyu ni mtoto wa dada yangu."

Padri amecheka, amekubali. Tunaondoka alfajiri, mimi na sufuria.