Mafuta ya Sodiamu

Alkhamisi, masika, 1971

Mvua haijakatika tangu alfajiri. Nguo za juzi bado mbichi, kuni mbichi, na mimi mwenyewe roho imenioza. Nshasali laasiri na sikumbuki nilisoma sura gani.

Hebu niandike lile ninalolikimbia. Bi Mize, mama anayesafisha chumba chetu cha sayansi pale skuli, yuko hospitali. Mkono wa kulia umeungua, jicho moja limefungwa bandeji, na daktari hasemi kama litaona tena. Kesho saa tatu asubuhi kamati ya skuli inakwenda kumhoji palepale kitandani. Mwalimu mkuu keshalitamka neno "hujuma", na neno hilo siku hizi si la kuchezea. Mtu hupotea nalo.

Na kosa ni langu.

Kila mwaka huwasomesha watoto habari za sodiamu. Madini haya ni laini, nawaambia, unayakata kwa kisu kama sabuni ya mche. Ukiyakata yanang'aa kama fedha, na kabla hujamaliza kuyasifu yameshafifia. Yakiguswa na maji huwaka na kuruka. Hata hewa yenye unyevu inayachokoza, na hewa ya Unguja wakati wa masika ni maji matupu. Ndiyo maana yanawekwa ndani ya mafuta ya taa, yafunikwe kabisa. Nayasema yote hayo kwa sauti kubwa, chaki mkononi, mtu angedhani nina akili.

Mafuta ya taa yamekuwa adimu. Mara mbili nimepanga foleni tangu asubuhi, na mara zote mbili yaliisha sijafika dukani. Mama ana pumu. Moshi wa kuni unambana kifua, na kuni zenyewe zimerowa, hazitoi moto, zinatoa moshi tu. Wiki iliyopita nilimwona ameinama ukutani anaitafuta pumzi, nikasema potelea mbali.

Ufunguo wa kabati la kemikali ninao mimi, maana wenzangu wa sayansi wameshaondoka nchini, nimebaki peke yangu. Siku ya kwanza nilimimina robo tu ya mafuta ya chupa ya sodiamu. Madini bado yamefunikwa, nikajiambia, na nikipata ya foleni nitarudisha. Siku ya pili vipande vikaanza kuchungulia. Jumatatu nikayakausha yote.

Stovu iliwaka manjano. Manjano kali, si ule moto wa buluu tuliouzoea. Mama akauliza, "Mafuta gani haya, Zuwena?" Nilijua papo hapo. Ni chembe za sodiamu, hiyo ndiyo rangi yake motoni, nimeisomesha miaka sita. Nikamjibu, "Ya foleni, mama." Akanywa maziwa yake ya tangawizi yaliyochemka kwa moto huo, akalala vizuri. Mungu anisamehe, nilifurahi.

Jumatatu hiyo, nilipokuwa namimina, nilisikia viatu vya mwalimu mkuu barazani. Nikarudisha kizibo, nikaficha mafuta yangu mkobani, nikatoka mbio. Chupa ya sodiamu nikaiwacha juu ya meza. Na sharti nililomwekea Bi Mize, mimi mwenyewe, ni hili: kilichomo kabatini usikiguse, kilichobaki mezani kioshe. Hajapata kukosea hata siku moja. Jumanne asubuhi akakuta chupa haina mafuta, ina mabonge ya kijivu yenye ukoko mweupe, kayaona kama magadi. Akaizibua, akaiweka ndani ya sinki, akafungulia mfereji.

Kishindo kilinikuta nakata kona ya skuli. Watu walikimbia kuelekea kule. Mimi nilibaki palepale konani.

Leo adhuhuri ndiyo nimepata moyo wa kwenda kumtazama. Nikampa shikamoo.

"Marahaba, mwalimu. Njoo upande huu nikuone."

Nilihamia upande wa jicho zima. Hakulalamika. Ameniuliza hali ya mama, ameniuliza nani anafagia. Kisha akasema, "Kesho wanakuja kunihoji, na mie sijui hata kilichoniunguza. Nisomeshe, mwalimu, wakiniuliza nisiwe kama gogo."

Basi nikamsomesha. Nilimweleza ulaini wake, mng'aro wake, ugomvi wake na maji. Nikamwambia kuna hewa ya sumu inaitwa klorini, na sodiamu ikiungana nayo vyote viwili hutulia, vikawa chumvi.

"Chumvi ipi? Hii ninayotia mchuzini?"

"Hiyohiyo, Bi Mize."

"Makubwa!" Akacheka, kisha uso ukamuuma, akajishika bandeji. Nikadhani somo limekwisha. Kumbe alikuwa anafikiri.

"Mwalimu, umesema hukaa ndani ya mafuta. Sasa mafuta yake yalikwenda wapi?"

Miaka sita, hakuna mwanafunzi aliyepata kuniuliza swali zuri kama lile.

Nikasema, "Yamekauka, Bi Mize. Joto."

Joto! Mvua inapiga bati, watu wamejifunika mablanketi, nami nasema joto. Akalirudia polepole, kama mtu anayehifadhi sura: "Yamekauka. Joto." Akanishukuru. Wallahi alinishukuru, akanipa machungwa mawili katika yale niliyompelekea, nimpe mama.

Njiani ndipo akili ilipofunguka. Chupa ile ilikuwa na kizibo cha kubana. Mafuta ya taa hayakauki ndani ya chupa iliyozibwa, na kwenye kamati yumo mtu wa duka la dawa, mjuzi wa kemikali, atalijua hilo kabla Bi Mize hajafunga mdomo. Atamwona muongo. Mimi nilikwenda kumjulia hali mgonjwa, nikamwekea mdomoni uongo wa kumtia ndani, naye atausema kwa imani kwa sababu kaambiwa na mwalimu wake.

Nikisema kweli, kazi sina. Pengine yatakuwa makubwa kuliko kazi. Mama atabaki na nani? Naogopa. Nimejaribu kutafuta njia ya tatu, sikuiona. Ipo ya kunyamaza, ipo ya kusema, basi.

Wodi inafunguliwa saa moja asubuhi. Nitakwenda kwa Bi Mize kwanza, kabla ya mwalimu mkuu na kamati yake, kwa sababu yeye ndiye aliyeuliza. Mafuta niliyachukua mimi. Maneno matatu. Nimeyajaribu hapa kwa sauti. Nikayajaribu tena.

"Zuwena, unasema na nani?" Mama, kutoka chumbani.

"Naam, mama. Nakuja."

Nimetoka huko sasa hivi, nimerudi kumalizia ukurasa huu. Nimemwambia yote, foleni, chupa, moto wa manjano, Bi Mize. Hakunikatiza. Kisha akaniambia nimpigie pasi buibui lake, kesho twenda sote wawili.

Hajatoka nje tangu mvua zianze. Na mimi sikuthubutu kumuuliza: anakuja kunishika mkono, au anakwenda kumwomba Bi Mize radhi kwa maziwa aliyokunywa?