Tenorio Kwenye Mbao

Jumatatu, 4 Machi
Mpango wa kupandisha farasi wetu nimeumaliza. Dume gani apande jike gani, nani azae, nani asizae tena. Macho yananiwasha. Kila nikifuata ukoo wa majike wanaodidimia vifundo vya miguu ya nyuma — Paloma, Azucena, sasa na Mirla, hata kupandwa hawawezi — baba yao ni mmoja. Tenorio. Kipenzi cha Baba! Ndiye aliyelijengea shamba hili jina, na ndiye anayetuharibia uzao. Hakuna njia, ahasiwe.

Baba bado hajui. Naogopa.

Jumatano, 6 Machi
Nimemwambia asubuhi. Arepa, ule mkate wa mahindi, ikabaki mkononi mwake. Akaniuliza kama nimewahi kumsikia Tenorio akikosea pigo hata moja kwenye mbao zinazotandazwa chini ili mwendo wa farasi usikike. Sijawahi. Hata majaji wa mashindano kule mjini Armenia hufumba macho wakamsikiliza tu, kwato kwenye mbao, tak-tak-tak-tak.

"Sasa unamhukumu kwa miguu ya binti zake?"

"Ndiyo, Baba."

"Basi na mimi nihukumiwe kwa mdomo wako!"

Kaka Evelio alicheka mpaka akapaliwa na kahawa. Mimi sikuweza.

Ijumaa, 8 Machi
Evelio anataka tumuuze kimya kimya, huko mbali pwani. Tukamuuzie mtu ugonjwa! Tumegombana kama watoto. Kumbe Baba yuko barazani, kasikia yote. Akasema shamba lake haliuzi aibu. Halafu, polepole: "Haya, mwite daktari."

Hakugusa chakula cha jioni. Nilitaka kushinda, nimeshinda. Sina raha yoyote.

Jumamosi, 9 Machi
Daktari wa mifugo kaja mapema. Baba kaomba ampande Tenorio kwenye mbao kwanza, mara moja tu. Nani angemkatalia? Kavaa kofia ya misa.

Naandika nimeegemea uzio. Mara moja imekuwa nyingi. Kahawa ya daktari imepoa, anatazama saa. Evelio ananinong'oneza nimwambie mzee ashuke. Mwambie wewe!

Mapigo safi, madogo, ya haraka, kama maharage yakimwagwa kwenye sufuria. Nimeanza kujitilia shaka. Labda ni damu ya mama zao. Labda nimekosea hesabu, namkata bure —

Ngoja.

Pale mwisho wa mbao, pigo moja limechelewa. Mguu wa nyuma, wa kushoto. Labda ni masikio yangu, nimelala vibaya. Kageuka, karudi. Limechelewa tena.

Evelio hajasikia, anachokonoa meno. Daktari hajasikia. Baba kasikia. Kavua kofia, kaiweka kifuani, na uso umemnyauka. Lakini hashuki. Amenipita sasa hivi, hapa hapa, karibu kunigusa na goti.

"Mara moja tu tena, mama."

Mguu unamuuma yule mnyama, najua. Nimeitikia.