Nguzo Mbili za Taa Ulizoziacha Moroni

Saandi, mume wangu, kama bado ni mume wangu,

Naanza kwa ugomvi kwa sababu sijui kuanza vinginevyo. Nimekaa eda yako katika nyumba hii ya Moroni, ndani, kimya, mimi ambaye hujapata kuniona nikinyamaza hata kwenye harusi za watu. Homa ilikuchukua kwenu Mutsamudu, ukazikwa kabla sijajua kuwa unaumwa. Habari nililetewa na mchuuzi aliyeshuka melini. Tangu hapo kila anayekuja kunipa pole ananiachia swali lile lile, ingawa hakuna anayelitamka: hii ni eda ya mume aliyesafiri, au ya mume aliyeondoka?

Desturi unaijua, ya kwenu na ya kwetu ni moja. Nyumba ni ya mke. Mwanamume akirudi kwa mama yake na vyombo vyake vya kazi, watu wanahesabu ndoa imekwisha, hata kama hakutamka talaka. Wewe ulikwenda kwenu wakati vijana wa hapa walipoanza kusimamisha magari na kusikiliza watu wanavyosema, na mwenye ulimi wa Nzwani, kisiwa chenu, akawa anashushwa. Hilo nalielewa. Niliandika gazetini kuwa vijana wale ni aibu ya mji huu. Niliandika pia kuwa wanaotaka kujitenga huko kwenu wanakiuza kisiwa kwa watu wasiokitaka. Huku wakaniita mke wa msaliti, huko nasikia naitwa mdomo wa Moroni. Sijutii hata nukta moja. Lakini ulipofunga begi ulitia ndani chuma chako cha kulehemu, na mama yangu alikuona.

"Anayerudi hachukui chuma," alisema. Hajasema kitu kingine juu yako tangu siku ile.

Mezani ukaacha zile taa za barabarani za kuchezea ulizokuwa ukiwatengenezea wanafunzi wako wa shule ya Mvouni. Ubao wenye njia panda ya rangi, nguzo mbili ndogo kama kalamu, kila moja na taa tatu za LED, na ile chipu nyeusi yenye miguu kama mdudu, uliyokuwa ukiiita ubongo. Nilikuuliza unawafundisha nini watoto ambao mji wao hauna taa hata moja ya barabarani. Ukacheka. Ukanisimulia habari ya mwanafunzi aliyetaka kujua kama mzee aliyekwisha kufanya ndoa kubwa, ambaye mji mzima humpisha, naye atasimama kwenye nyekundu. "Nimewaambia taa haimjui mtu," ulisema. "Darasa zima likaniona mimi ni hatari kuliko mke wangu."

Nilitia betri. Kijani, njano, nyekundu, nguzo zote mbili pamoja. Halafu nyekundu ikakaa. Ikakaa mpaka nikaikasirikia. Dada yangu akaniazimia chuma kwa fundi redio, nikafungua nyaya nikazilehemu upya, vidole vikaungua, na nyekundu ikakaa vilevile. Nikakisoma kitabu chako cha elektroniki kama ninavyosoma hotuba za mahasimu, nikitafuta uongo. Sikuuona. Ungekuwepo ungeniita bibie kwa lugha ya kwetu, ungesema, "Bweni, sasa unabishana na taa."

Juzi simu za Mutsamudu zilipata kuungana, na Sitti dada yako akapiga. Tulilia kwanza. Kisha akanichokoza kama kawaida yake: "Wifi, wewe unayejua kila kitu, hebu niambie haya madude ni nini. Kaka aliyaweka karibu na kitanda. Vijiti viwili, taa tatu tatu, nyaya zinaning'inia. Nikigusisha betri inawaka moja tu, wala haigeuki."

Nikautazama ubao. Kwenye barabara ya pili kuna matundu mawili. Nilidhani hujaifikia bado. Kumbe nyekundu ile ndefu si ubovu, ni zamu ya barabara nyingine, na nguzo zake ulizichukua. Ubongo uko huku, na bila huo za kwako hazijui lini ziwake.

Basi ulikuwa unarudi. Au ulichukua cha kushughulisha mikono tu? Au hukutaka nibaki na kitu kizima? Katika makala ningeishinda kesi hii kwa aya mbili. Nimeshinda nyingine kwa ushahidi hafifu kuliko huu. Hapa siwezi. Nataka kushinda mno, ndiyo maana sijiamini. Wala mtu asije kuniambia nguzo ni visiwa. Nimekwisha kulifikiria hilo. Ni rahisi mno, na wewe ulikuwa huipendi mifano yangu.

Nikamuuliza Sitti bila kuzunguka: alisema atarudi? Akajibu: "Wifi, asubuhi alikuwa anasema hivi, jioni vile. Mama anasema alirudi kwao kabisa. Mimi sijui. Njoo. Kama ni kukufungia mlango, wakufungie uko hapa, siyo kwenye simu."

Sijui ulikuwa nani kwangu mwezi ule wa mwisho, Saandi. Nageuza na kugeuza, kila jibu nalo linageuka.

Lakini nakuahidi hivi. Eda ikiisha, meli ya kwanza itakayokwenda, nitapanda. Nitashuka bandari ya Mutsamudu na ubao huu kwapani. Watanijua kwa ulimi, kama walivyojulikana ndugu zako hapa, nami sitaupunguza. Mama yako akikataa kunifungulia nitakaa kizingitini. Nimekwisha kufukuzwa na watu wenye hoja nzuri kuliko zake. Akinifungulia, nitaziunga nguzo zako mbele yake. Sitegemei zitanijibu.

Kisha nitakuja kaburini, na nitakuja kama mke wako. Atakayepinga, anipinge mbele yako.

Lala salama, Saandi.

Zaharia