Mabati ya Darasa la Nane

Jumatatu, 4 Februari

Zamu yangu ya uji. Kuni mbichi, moshi tele, Debora kachelewa tena. Kisha hesabu. Mvua ikaja kabla hatujamaliza, nyasi za paa zikavuja palepale zinapovuja siku zote, tukasogeza madawati upande wa mlango. Mwalimu Elia akaendelea kufundisha ameshika mwavuli. Tulicheka. Hakukasirika.

Baada ya sala ya jioni Bibi Mkuu alituita. Ni Mzungu wa misheni, ana mwaka wa pili tu hapa, Kiswahili chake bado kinanuka kitabu. Mkaguzi wa shule ameandika. Darasa la Nane haliwezi kukaa chini ya nyasi. Kabla Juni haijaisha paa liwe la mabati, la sivyo darasa linafungwa na sisi wasichana kumi na wanne tunarudi kwetu. Misheni itatoa nusu ya mabati. Nusu nyingine tutafute wenyewe.

Kurudi kwetu maana yake naijua. Dada yangu alirudi kutoka Darasa la Sita. Ana watoto watatu na hajashika kitabu tangu siku ile. Mimi nataka kuwa mwalimu. Sijamwambia mtu.

Alhamisi, 7 Februari

Debora amechora mabati kwenye ubao wa nyuma. Tukipata fedha ya bati moja, anajaza moja kwa chaki. Yeye ndiye monita, binti wa mchungaji, na ana amri kuliko Bwana Shauri wa bomani. Simpendi sana. Lakini amechora vizuri.

Jumamosi, 16 Februari

Vitambaa vya meza. Wiki nzima tumedarizi maua ambayo hayapo duniani. Leo tumevipeleka Njombe kwa wake wa Wazungu. Mmoja alinunua kimoja. Mwingine alitupa biskuti. Tumerudi kwa miguu, baridi, viatu mkononi kuvihifadhi. Bado hatujafika hata bati moja. Nilikula biskuti mbili nikajuta, kisha nikala ya tatu.

Jumamosi, 2 Machi

Magome ya miwati, yale ya kiwanda cha ngozi. Mlowezi mmoja alikubali tumchunie magome shambani kwake. Kazi ya wanaume, wakasema. Tukaifanya. Mikono imekuwa myeusi hadi kwenye kiwiko na sabuni haisaidii. Yusta alijikata kidole. Mabati mawili. Debora alijaza chaki na wote tukapiga makofi kama watoto wa Darasa la Kwanza.

Haba na haba, anasema Mwalimu Elia. Kwa haba hizi kibaba kitajaa mimi nikiwa bibi kizee.

Jumatano, 13 Machi

Wazo limetoka kwa Yusta, ambaye huwa hasemi. Ulanzi. Mianzi ya bonde la shule inatoa maji sasa, wagema wanakata vichwa asubuhi na jioni na mbeta za kukingia zinajaa. Ulanzi wa asubuhi ni mtamu, haulevyi mpaka uchache, kwetu hata mtoto anayeota meno anapewa. Tuugeme wenyewe, tuupeleke gulio la Makambako Jumamosi.

Debora alisema ni dhambi. Yusta akasema dhambi inaanza saa sita mchana. Sijawahi kumsikia akisema kitu kizuri hivyo.

Tulimpelekea Bibi Mkuu kikombe. Akanywa. Akanyoosha kikombe kuomba kingine. Akasema ni maji ya matunda tu, twende.

Jumamosi, 23 Machi

Nimechoka lakini lazima niandike.

Tuligema alfajiri, madebe yakajaa, gari la Mhindi wa dukani likatupakia mimi, Debora, Yusta na Mwalimu Elia. Njiani tope. Gari likazama hadi ekseli. Tulikata matawi, tulisukuma, tulikalia madebe tukaimba, jua likapanda, likaanza kushuka. Tulipofika Makambako nilifungua debe la kwanza. Povu. Nikaonja. Mkali.

Debora alitaka tumwage. Mwalimu Elia alionja, akaonja tena ili ahakikishe, kisha akasema ni juu yetu. Nikapanda juu ya gari nikatangaza wazi, jamani, ulikuwa mtamu asubuhi, sasa umechacha, asiyetaka asinunue. Mzee mmoja akajibu, "Binti, ndio tuliokuwa tunangoja." Wakatuvamia.

Hatukuwahi kuuza kitu hivyo. Kikombe juu ya kikombe. Vibarua wa barabara, wauza kuku, mama mmoja mnene aliyekunywa amefumba macho.

Kisha Baba.

Alikuwa ameleta mahindi gulioni kutoka kwetu Mahongole. Kofia ameishusha hadi kwenye nyusi. Akaninyooshea kikombe. "Kamwene," akasema, kama anamsalimu mtu baki. Nikaitika. Nikamimina. Akanywa, akanyoosha tena, nikamimina tena. Akalipa akaondoka. Baba yangu ni mzee wa kanisa. Pombe hatuitaji hata jina nyumbani. Aliyenichapa kwa kulamba mbeta ya jirani nikiwa na miaka sita ni yeye.

Mabati yametimia, na chenji. Sina furaha yoyote.

Jumapili, 24 Machi

Debora amejaza mabati yote ubaoni. Wenzetu walicheza ngoma darasani. Nilisema tumbo linauma.

Ijumaa, 29 Machi

Habari imefika kabla ya barua. Makambako wanauita ulanzi wa Bibi. Jumapili ile ibada ilikosa watu nusu, na waliokuja wengine walisinzia. Sasa wazee wa kanisa wa usharika mzima wanakuja kwa baraza. Bibi Mkuu ameeleweshwa saa sita mchana ni nini. Amekuwa mwekundu. Hakutugombeza. Alikaa kwenye kiti chake akasema "Basi, basi" mara nyingi, nikamwonea huruma.

Jumanne, 2 Aprili

Baraza. Sisi tulikaa nje chini ya dirisha tukijifanya tunachambua maharage.

Mzee Nathanaeli ndiye aliyenguruma. Hela ya pombe haiwezi kuezeka nyumba ya misheni. Debe tupu haliachi kuvuma, lakini hili lilikuwa na watu wa kuliitikia. Bibi Mkuu aliomba kwa Kiswahili chake cha kitabu. Mwalimu Elia alieleza habari za tope. Wapi. Uamuzi: fedha yote irudishwe kwa walioitoa, palepale gulioni. Na kwa kuwa makosa yalifanyika Makambako, msimamizi awe mzee wa karibu na huko.

Wakamteua Baba.

Muda wote huo hakutamka neno. Niliuona mgongo wake dirishani, koti lake la ibada, kola iliyoshonwa na Mama. Hata alipoteuliwa aliinamisha kichwa tu. Nilitamani kuingia niseme. Ulimi ulikuwa tayari. Nikachambua maharage.

Funika kombe mwanaharamu apite. Nimefunika. Lakini ni darasa langu linalofungwa, na yeye anajua, na amenyamaza. Namchukia leo. Kesho sijui.

Jumatano, 3 Aprili

Debora amefuta ubao. Aliufuta taratibu, bati moja moja. Kisha akaniuliza kwa nini tangu Makambako nimekuwa kama mgonjwa. Nikamjibu vibaya. Akaniachia kanga yake nijifunike, akaenda zake.

Mianzi imeanza kukauka. Magome mlowezi amewapa wanaume hadi Julai. Hakuna njia nyingine na kila mtu anajua.

Jumamosi, 13 Aprili

Gulio. Tulisimama penye gari la Mhindi, kopo la fedha juu ya sanduku, Baba pembeni ya kopo amevaa koti la ibada. Hatukutazamana. Debora akatangaza: aliyekunywa ulanzi wetu aje achukue hela yake.

Kwanza kicheko. Kisha wakaja wawili ambao hawakunywa hata tone, Yusta akawafukuza kwa mdomo. Kisha hakuja mwingine. Mama mnene akasema yeye alikunywa, alifurahi, hawezi kulipwa kwa furaha yake. Akauliza hela ilikuwa ya nini. Nikamweleza. Paa, mkaguzi, kumi na wanne kurudi nyumbani. Niliongea kwa hasira. Watu walikuwa wamesogea.

Akatoka kibarua mmoja wa barabara, Mkinga mfupi mwenye koti la jeshi. Akasema wazee wamekataa hela ya ulanzi, sawa, wana haki. Nirudishieni yangu. Debora akampa senti zake. Akazigeuza mkononi watu wote wazione. "Sasa ni zangu," akasema. "Na changu nampa nimtakaye." Akazitia koponi.

Makambako ikapiga kelele. Wakapanga mstari. Kupokea, kugeuza, kurudisha. Wengine wakaongeza. Mama mnene alileta yai.

Halafu Debora, mtoto wa mchungaji hata mwisho, akamgeukia Baba. Mzee, je, hii ni safi? Maana bila neno lake tungerudi palepale.

Baba akavua kofia. Sijamwona akivua kofia sokoni maishani mwangu. Akasema kabla hajajibu na yeye apewe chake. Vikombe viwili.

Hakuna aliyecheka. Debora hakuelewa, akanitazama. Mimi ndiye niliyeingiza mkono koponi. Nilimhesabia senti zake. Akazishika. Mtu wa nyuma akauliza, si kwa ubaya, "Mzee, ulikuwa mtamu?"

"Ulikuwa mtamu," akasema Baba. Akazirudisha koponi.

Kisha akasema yeye si mtu wa kuhukumu hela ile. Ataipeleka mwenyewe mbele ya baraza na ataeleza yote, na lake kwanza. Akalifunga kopo kwa kitambaa chake cha mkononi. Alipopita karibu yangu alisema, "Mwanangu, ulinimiminia vizuri, hukunipunja." Sikujua nicheke au nilie. Nililia, baadaye, garini, na Debora akashikilia bega langu hadi shuleni.

Jumatano, 17 Aprili

Mwalimu Elia ametueleza. Baba alisimama akasema yote. Mzee Nathanaeli aliuliza kama alijua ulikuwa umechacha. Akajibu msichana alitangaza juu ya gari, na sauti ya msichana yule anaijua. Hela imekubaliwa kuwa ni sadaka. Baba ameondolewa uzee wa kanisa na ametengwa na Meza ya Bwana hadi Krismasi.

Angeweza kusema tu kwamba hela ni safi. Neno moja. Wangemwamini, ndiyo maana walimtuma.

Debora amechora mabati upya. Alinipa chaki nijaze la mwisho. Sikutaka. Akalijaza yeye.

Alhamisi, 27 Juni

Mkaguzi amekuja. Aliingia, akatazama mabati juu, akaandika, akatoka. Hakumaliza hata chai. Hakuuliza lolote na nilikuwa na majibu mengi. Darasa linaendelea. Wenzangu waliimba. Bibi Mkuu alicheza kidogo, vibaya sana. Nami nilicheza.

Jumapili, 7 Julai

Likizo. Nyumbani, Mahongole. Baridi ya kuuma, umande hadi saa nne.

Leo ilikuwa Meza ya Bwana. Wanawake kushoto, wanaume kulia, na benchi la mwisho upande wa wanaume, karibu na mlango, ni la waliotengwa. Baba alikuwa pale, kati ya mtu mwenye wake wawili na kijana aliyempiga mama yake. Koti lilelile. Miaka yote alikaa mbele.

Mama alikwenda benchi letu la zamani. Nilimfuata nusu ya njia. Nikarudi nikakaa benchi la mwisho la wanawake. Kati yangu na Baba njia tu.

Walipoitwa mezani nilibaki nimekaa. Nimepata kipaimara, hakuna aliyenitenga. Baba alinitazama, akanyanyua kidevu kunionyesha mbele: nenda. Nikatikisa kichwa. Akanyanyua tena. Nikatikisa tena. Akaacha. Wimbo ulipoanza yeye akashika sauti ya pili, nami nikaimba ya kwanza.

Tulirudi kwa miguu, Mama ametangulia. Baba aliuliza kama hesabu za Darasa la Nane ni ngumu. Nikasema ni ngumu. Akasema vizuri.