Kurumbiza Aliyeteka Ua wa Baba

Nyumbani, chumba cha uani,
Jumapili asubuhi, tarehe 9.

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu nyingi, zikukute mzima pamoja na wifi na wanao. Kifua chako kinaendeleaje? Usiidharau baridi ya huko. Sisi tunapumua. Mama bado ni wa kitandani, ila anakula.

Cherehani inanipa riziki, sina la kulalamika. La kukuandikia ni la Baba.

Tangu baridi iishe na miti ianze kuchipua, Baba huweka sahani ya makombo ya mkate juu ya ukuta wa ua. Chiriku walikuwa wakija kwa makundi, Mama akiwasikiliza dirishani anachangamka. Kisha akaja kurumbiza mmoja, kifua rangi ya chungwa, akaifanya sahani mali yake. Hata akishiba haondoki; anakaa pembeni kuwafukuza wengine. Jirani yetu mwalimu anasema ndio msimu wao: jike ametaga karibu, dume hataki kuona mgeni.

Baba, refa mpaka kaburini, akatoa filimbi yake ya zamani. Kila kurumbiza akimvamia mwenzake, filimbi! Siku alipomwonyesha kadi nyekundu tulicheka mbavu zikauma.

Kicheko kilikatika Jumatatu. Nilikuta chiriku amekufa chini ya ukuta, utosi umedonolewa ukabaki wazi. Nikamwita Baba nikidhani atasikitika. Akamtazama kidogo, akasema, "Alivuka mstari. Nani alimtuma avuke?"

Tangu hapo yuko upande wa kurumbiza. Chiriku wakitokea, anawarushia mawe yeye mwenyewe. Juzi shangazi alipita kuanika nguo, akapigiwa filimbi. Akacheka: "Kaka, na mimi nimeotea?" Jiwe likampata juu ya jicho, ameshonwa nyuzi nne. Baba akaniuliza huyo mwanamke ni nani. Dada yake, tumbo moja!

Leo nimeamka nikakuta amechora mstari sakafuni, mbele ya mlango wa chumba chao, kwa chaki zangu za kukatia nguo. Mama yuko ndani, upande wa Baba. Nilipoinua mguu nimpelekee dawa, Baba akatia filimbi mdomoni, mkono wa pili ukaingia mfukoni. Nikaurudisha mguu.

Majirani wako tayari kumshika kwa nguvu. Mama amekataa, hataki kuona mumewe akifungwa kamba mbele yake. Ameniambia kwa sauti ya chini, "Usije, mwanangu. Mwite mdogo wako. Labda baba yenu atamkumbuka yeye."

Barua hii anakuletea mwalimu, anasafiri sasa hivi. Rudi naye kwa gari la kwanza.

Nisalimie wifi, na mwanao mkubwa umwambie shangazi yake anamkumbuka. Mungu awafunike huko mliko, na sisi asitusahau.

Njoo peke yako. Watoto waache huko huko.

Ni mimi dada yako nikupendaye.